Beni: Mwanafunzi azimishwe simu, lakini mzazi asilipishwe

Katika shule za sekondari za mji wa Beni, simu inaingia darasani ndani ya soksi, chini ya sare ao katikati ya daftari. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, huko nyuma vichwa vinainama juu ya TikTok. Darasa likiwa na wanafunzi sitini na zaidi, hawezi kuona kila mkono ulio chini ya dawati.

Kukataza simu wakati wa masomo ni haki, na wazazi wengi wanakubali. Miaka yote ya sekondari mtoto anaweza kunakili majibu kutoka WhatsApp, lakini siku ya Exetat simu haiingii chumbani.

Shida inaanza pale simu inapokamatwa. Shule moja inaiweka kwa prefe mpaka mwisho wa mwaka. Ingine inamwambia mzazi alete pesa kwanza. Na mara nyingi simu hiyo si ya mtoto, ni ya mama, aliyoichukua asubuhi bila kuomba. Ndani yake kuna namba za wateja na pesa kidogo ya kununulia bidhaa. Mtoto amekosa, mama anayeuza fufu sokoni ndiye anaazibiwa.

Tena hapa ni Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yamefundisha kila familia kutafutana kwa simu. Mzazi aliye shambani upande wa Mbau, akisikia risasi, anataka kujua mtoto yuko wapi. Hofu hiyo haiwezi kufutwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa mlangoni. Lakini wanafunzi sitini wakipiga simu pamoja, uvumi unatoka darasani mbio kuliko habari ya kweli, na watoto wanaanza kukimbilia barabarani. Heri shule iwe na namba moja ambayo wazazi wote wanaijua, na mtu wa kuijibu. Hiyo shule nyingi hazijaifanya.

Mengine si magumu. Asubuhi simu izimwe, iwekwe katika bahasha yenye jina, iandikwe katika daftari, na saa ya kutoka irudishwe. Anayeificha, mzazi wake aitwe. Wasifanye kosa lake kuwa mapato ya ofisi.

Na walimu nao wazime. Mwalimu anayejibu simu katikati ya somo la hesabu, hata kama anangoja habari ya mshahara, atamkataza nani?

Kwenye mkutano ujao, komite ya wazazi iulize viongozi wa shule maswali mawili: ni simu ngapi zimefungiwa katika kabati ya prefe, na pesa iliyolipwa kwa kuzikomboa imeandikwa katika kitabu gani?