Miradi ya wanafunzi isifanywe na mafundi

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi seremala mtaani Langas, Eldoret. Muhula unapokaribia kuisha, wazazi hunijia jioni wakitaka “mradi wa mtoto” uwe tayari kesho asubuhi. Hawana mchoro wala vipimo. Pesa sikatai, lakini kinachopelekwa darasani ni kazi yangu, na mtoto hajui hata msumeno unashikwaje.

Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 haukukusudia hivyo.

Majuzi alikuja msichana wa Gredi ya 8 na daftari lake. Alikuwa ameona kigoda cha miguu minne kikimyumbisha nyanyake akikamua ng’ombe, maana zizi lina mashimo. Akachora vigoda vya kila namna, akaunda vielelezo vya kartoni, akagundua kwamba cha miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa si sawa. Mimi nilimwonyesha tu jinsi ya kutoboa tundu na kuchonga ulimi. Mguu wa kwanza ulipasuka, akachonga mwingine kwa ubao mnene zaidi. Vanishi hakupaka. Nyanya anakikalia.

Kigoda hicho kikiwekwa kando ya vile vya mafundi, nahofia kitapewa alama chache kwa kuwa haking’ai.

Walimu, tafadhali itisheni daftari la michoro kabla ya kutazama kifaa, na mumuulize mtoto ni kipi kilichoharibika na alikirekebishaje. Nanyi wazazi, mleteni mtoto karakanani mapema, aje na wazo lake.

Fundi seremala,
Langas, Eldoret