Glavu na mafuta ya mikono viingie katika bajeti ya ushirika



Kila mwaka kwenye mkutano mkuu mweka hazina anatusomea orodha ya vifaa: majembe mangapi, mapanga mangapi, pompi ya dawa ikoje, mabashi ya kuanikia yako na matobo ao hapana. Pompi ikivuja tunatoa pesa ya kuitengeneza siku ile ile. Lakini mikono ya mtu anayebeba ile pompi haina mstari wake katika bajeti. Ninaomba mstari huo uwekwe mwaka huu, zaidi kwa ajili ya wamama wetu wenye kuzeeka.

Ninajua wengine watacheka. Watasema ngozi ya mikono ni mambo ya wasichana wa mjini, wale wenye kutembea na losheni katika sakoshi. Mkulima mwenye mikono laini, nani atamwamini? Maneno hayo nimeyasikia mara mingi, hata toka kwa wamama wenyewe. Ni kweli, mikono migumu ni ushahidi wa kazi na hakuna mtu wa kuionea haya. Ila mkono wenye sugu na mkono uliopasuka si kitu kimoja. Sugu inamlinda mtu na mpini wa jembe. Ufa unaingiza udongo, vijidudu, na dawa ya kupuliza.

Mikono inazeeka haraka, na iko sababu. Ngozi ya mgongo wa mkono ni nyembamba, na chini yake nyama ya mafuta ni kidogo sana. Miaka ikienda, hata ile kidogo inapungua, ndiyo maana mishipa ya mama mzee inaonekana kama kamba. Kiganja nacho hakina tezi ya kutoa mafuta hata moja. Ongeza jua. Bunia iko karibu na ikweta, na iko juu, zaidi ya mita 1,200. Ukipanda kuelekea milima ya Djugu na Mahagi, jua linazidi kuwa kali kwa ngozi hata kama hewa ni ya baridi. Kichwa kina kofia ao kitambaa, mkono hauna kitu. Yale madoa meusi ya mgongo wa mkono tunayoyaita ya uzee, mengi ni ya jua.

Kisha kuna kazi yenyewe. Mama anamenya muhogo na kuuloweka, anasugua masufuria kwa majivu, anafua kwa sabuni kali. Kule Mambasa anapasua kakao na kugeuza mbegu zikiwa zinachacha, maji yake yana ukali wa asidi. Kila kazi inatoa mafuta kidogo ya ngozi, na jioni hakuna anayeyarudisha. Wale waliokimbia vijiji vyao na sasa wanalima mashamba ya watu kwa malipo ya siku, wao hata sabuni ya kunawa wanaihesabu.

Jambo la dawa ya kupuliza ndilo linanisumbua zaidi. Watu wengi wanafikiri sumu inaingia kwa pua na kwa mdomo tu. Mkulima anapata sehemu kubwa kupitia ngozi, na saa ya hatari kuliko zote si ile ya kupuliza, ni ile ya kupima na kuchanganya, wakati dawa haijapata maji. Tunaona mtu anapima kwa kifuniko cha chupa, dawa inamwagikia vidole, anajipangusa kwa suruali. Mwingine anakoroga kwa mkono mtupu. Mkono wenye nyufa unapitisha dawa haraka kuliko mkono mzima.

Glavu za kazi hii ni za mpira mzito, ndefu, zipite kifundo cha mkono. Za kitambaa ao za ngozi zinanyonya dawa na kuikalisha kwenye mkono, heri usizivae. Zile nyembamba za hospitali zinapasuka haraka. Ukimaliza kazi, osha glavu kwanza zikiwa mkononi, ndipo uzivue, kisha nawa mikono kwa sabuni. Na tafadhali, mtu asijipake mawese akifikiri yatazuia dawa. Hayazuii.

Mafuta yako na saa yake, ni jioni. Nawa kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu ao ya baridi, maana maji ya moto yanakausha. Pangusa kidogo tu, na ngozi ikiwa bado na unyevu, paka. Mafuta hayaleti maji katika ngozi, yanayafungia ndani yasitoke, kwa hiyo ukipaka juu ya mkono mkavu kabisa unapoteza nusu ya faida. Vazelini ya kawaida inafaa, tena ni rahisi. Mafuta ya kokwa za mawese yanafaa. Mawese yenyewe yanafaa pia, ila yatachafua shuka, na mume atauliza maswali. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Uganda, wamama wanakamua mafuta ya karite, na aina ya kule ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Ukiipata, nunua. Kwa ufa mkubwa, paka mafuta mengi, vaa soksi safi ya pamba mkononi, lala nayo.

Mikono ya miaka 18 haitarudi, na mtu akikuahidi hivyo anataka pesa yako. Kinachorudi ni ulaini, na nyufa zinafunga. Ngozi inajibadilisha karibu kila mwezi, kwa mzee inachukua muda zaidi, basi mtu asiache baada ya siku tatu. Kidonda ambacho hakiponi, doa linalokua ao kubadilika rangi, hivyo ni vya kituo cha afya. Ndugu zetu wenye ualbino wasingoje doa: mikono mirefu ya shati kila siku ya shamba.

Sasa zile tube. Sokoni zinauzwa krimu za kuondoa madoa na kurudisha ujana, na wamama wetu wanazinunua kwa pesa ya mahindi. Nyingi zina hidrokinoni, ao dawa za jamii ya kotizoni, zingine zina zebaki. Kotizoni ikipakwa miezi na miezi inaipunguza ngozi unene, na ngozi ya mzee imekwisha kuwa nyembamba: ikigongwa kidogo inachanika, na kidonda kinakawia. Hidrokinoni ya muda mrefu inaweza kuleta weusi mbaya kuliko ule wa kwanza. Wote tumeona watu wenye uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi. Zebaki ni ile ile ya wachimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu, inaharibu figo. Mkataba wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa krimu zenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni, lakini tube haisomi mkataba. Ndimu nayo, wale wanaoisugua mkononi kisha wanaenda kwenye jua, inachoma na kuacha alama.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Siku hizi kidole ndicho kitambulisho: kadi ya mpiga kura, orodha ya kupokea msaada. Jembe la miaka 40 linafuta mistari ya kidole, na ngozi kavu inafanya mashine isisome. Mama amesimama kwenye mstari tangu asubuyi, anaambiwa kidole chake hakionekani, arudi kesho. Kupaka mafuta jioni kwa wiki chache mbele ya siku hiyo kunaweza kusaidia, na kulowesha kidole kidogo kabla ya kukiweka pia. Lakini deni si la mama peke yake. Wenye mashine wanapaswa kuwa na njia nyingine iliyo tayari, picha ao shahidi, siyo kumrudisha mzee nyumbani mikono mitupu juu ya kosa la kulima.

Basi ninachoomba ni hiki. Kila pompi ya ushirika iwe na pea mbili za glavu zinazokaa pamoja nayo depo, na mtu asipewe pompi bila glavu. Mkebe mkubwa wa vazelini ukae pale pale, ununuliwe kwa mfuko wa kijamii wa AVEC kama pesa ya ushirika haitoshi. Wenye nyufa mikononi wasichanganye dawa, ila wasikatwe siku yao ya malipo kwa ajili hiyo, wapewe kazi nyingine. Na shirika linalotutolea jarida hili, ambalo linatuletea mbegu na majembe kila msimu, liongeze glavu katika kifurushi kile.

Wanaosema ni gharama, wapite sokoni waulize bei ya pea moja, halafu waulize bei ya pompi. Mimi nitaleta ombi hili kwenye mkutano mkuu unaokuja. Linahitaji wanamemba wa kuliunga mkono, na ningefurahi kama wa kwanza kusimama angekuwa mwanaume.