Vakanse ya Pasaka: tuwaonyeshe watoto nchi yao



Kuna jambo moja ambalo sisi walimu wa Butembo na Beni tunalisikia darasani kila mwaka. Tukiwaomba watoto wa mwaka wa tano wataje vijiji vya barabara ya Beni kwenda Kasindi, wanavitaja mbio mbio. Tukiwauliza pale kuna nini, hawasemi kakao, hawasemi mto Semuliki, hawasemi mlima. Wanasema: pale walichoma magari, pale waliua watu. Mtoto wa miaka kumi amejifunza jografia ya kwao kwa kuhesabu maiti.

Hatuwezi kuwalaumu. Mauaji ya Beni yalianza mwezi wa Oktoba 2014. Ukaja ugonjwa wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na Mei 2021 tukaingia katika utawala wa kijeshi. Kwa watoto wengi wa mitaa yetu, neno safari maana yake ni kukimbia: godoro kichwani, sufuria mkononi, mdogo mgongoni. Hawajapanda gari hata mara moja kwa ajili ya kwenda kutazama kitu kizuri na kurudi nyumbani jioni.

Vakanse ya Pasaka inakaribia. Juma hili tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: kuwatembeza watoto. Sisi hatulioni kuwa dogo. Mtoto anayeijua nchi yake kwa hofu tu, akikua ataikimbia, au ataiuza kwa bei ya bure. Yule aliyewahi kukaa juu ya kilima chake, akala ndizi na ndugu zake huku akitazama bonde, huyo atakuwa na sababu ya kubaki na kuilinda.

Kwetu hakuna printemps, kuna mvua ya Machi

Katika vitabu vya Kifaransa watoto wetu wanasoma juu ya printemps, theluji inayeyuka, maua yanarudi. Wanakariri vizuri, kisha wanauliza: "Mwalimu, kwetu inakuja lini?" Kwetu haiji, kwa sababu tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Butembo iko kaskazini yake kidogo tu, na ukienda Lubero kwa barabara unauvuka njiani.

Lakini tuna jambo ambalo Ulaya hawana. Karibu na tarehe 20 Machi, siku ambayo wao wanaanza kuhesabu printemps, jua letu la mchana linasimama juu ya utosi. Fanyeni hivi na watoto, hapa hapa kwenye uwanja wa nyumba. Simamisheni fimbo ya metre moja, iliyonyooka vizuri. Tangu saa tano na nusu watoto waweke jiwe dogo pale ncha ya kivuli inapofika, kila baada ya dakika kumi. Wataona kivuli kinafupika, na dakika kama kumi baada ya saa sita ya mchana kitakuwa kimebaki kama upana wa vidole viwili, au kitapotea chini ya fimbo. Mkichelewa siku mbili tatu, bado mtaona. Hakuna franga inayotoka, hakuna barabara ya kuogopa, na mtoto atajua kwamba kwao kuna kitu ambacho mtoto wa Paris hawezi kukiona nyumbani kwake.

Waonyesheni tena mbayuwayu wanaokaa juu ya nyaya. Wengi wao ni wageni. Wanakimbia baridi ya Ulaya, wanakaa kwetu miezi kadhaa, na mwezi wa tatu na wa nne wanarudi kule kujenga viota. Ile printemps ya kwenye kitabu inapitia kwanza juu ya mabati yetu. Na wakati huo huo mvua inaanguka, maharagwe yanachipuka, kumbikumbi wanatoka jioni, uyoga unaonekana porini. Bibi anayejua uyoga wa kula na uyoga wa sumu ni mwalimu mkubwa. Mpeni watoto asubuhi moja.

Barabara ya Butembo na Beni

Kati ya miji yetu miwili kuna kilometa 54 hivi. Wengi wetu tunaipita barabara hii tukiwa tumelala, au tukihesabu mizigo. Lakini ni darasa zima. Butembo iko juu, zaidi ya metre 1700, ndiyo maana asubuhi tunafunga vitenge viwili. Beni iko chini kwa mamia ya metre. Kadiri gari linavyoshuka, watoto watazame dirishani na kutaja wanachokiona. Kwanza ni eukaliptusi, matofali yanayochomwa, mashamba ya maharagwe yaliyoning'inia kwenye vilima. Baada ya Maboya, polepole, joto linapanda, ndizi zinazidi, michikichi inaonekana, na mwisho ni kakao. Muulizeni mtoto: mbona kakao haioti kwetu Butembo? Aache afikiri mwenyewe. Akijibu "baridi", amejifunza zaidi ya kurasa tatu za kitabu.

Wamama wa Beni, ninyi mna mali ambayo watoto wa Butembo hawaijui. Mtoto wa kwetu anakula bonboni ya shokola bila kujua kwamba ilitoka katika tunda linalobebwa shinani mwa mti, kwamba mbegu zake mbichi zina utamu mweupe unaoweza kulambwa, kwamba zinafunikwa siku kadhaa zichachuke ndipo zianikwe. Kikundi cha Beni kikipokea watoto kumi wa Butembo kwa siku moja, na kikundi cha Butembo kikipokea kumi wa Beni waje waone matofali na soko letu, hiyo peke yake ni vakanse.

Barabara ya Lubero

Upande wa kusini, kupitia Musienene, barabara inazunguka vilima virefu na hewa inazidi kuwa baridi. Mahali fulani katikati mnavuka ikweta. Dereva akubali kusimama dakika tano, watoto waruke kutoka nusu moja ya dunia kwenda nusu nyingine. Watacheka, na hawatasahau.

Waambieni pia juu ya maji. Katika nchi yetu mvua moja inaweza kwenda njia mbili. Inayoteremka upande wa mashariki inaingia Semuliki, inafika ziwa Albert, inafuata Nile, inapita Sudani na Misri mpaka bahari ya Mediterania. Inayoteremka upande wa magharibi inafuata mto Lindi, inakutana na mto Kongo karibu na Kisangani, inaishia Atlantiki. Vilima vya mababu zetu vinagawanya maji ya Afrika.

Ziwa na mlima

Ng'ambo ya Kyondo njia inateremka kwenda Kyavinyonge, kwenye ziwa Edward, ambako samaki wa masoko yetu wanatoka. Ziwa hilo ni sehemu ya hifadhi ya Virunga, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika, iliyoanzishwa mwaka wa 1925. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa wakiilinda. Mtoto ajue hilo anapomwona mlinzi barabarani: huyo ni baba wa mtu.

Pale Semuliki inapotoka ziwani panaitwa Ishango. Mwaka wa 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo, kama sentimita kumi, wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Una miaka karibu 20.000. Leo umewekwa Brussels. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Waambieni watoto wajumlishe: kila safu inafika 60. Wataalamu bado wanabishana maana yake, lakini huenda mkono uliokata ulikuwa unahesabu, tena kando ya ziwa letu, kabla ya piramidi yoyote ya Misri. Mtoto anayesema "hesabu si za kwetu" aambiwe habari ya Ishango.

Na juu ya yote kuna Rwenzori. Kilele cha Margherita kina metre 5109, ni cha tatu kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Barafu yake inazidi kupungua kwa sababu ya joto la dunia. Watoto wetu huenda ndio kizazi cha mwisho kuiona. Upande wetu njia ya kupanda inaanzia Mutwanga, na chini yake maji ya mto Butahu yanatoa umeme, na kuna kiwanda cha shokola ya kakao yetu. Ng'ambo ya mlima wako Wakonzo, ndugu zetu wa lugha, waliokatwa na mpaka.

Je, tuwapeleke Kyavinyonge, Ishango, Mutwanga? Hapa tuseme wazi. Siku nyingine ndiyo, siku nyingi hapana. Tangu mapatano ya Kongo na Uganda ya mwaka wa 2021 ya kutengeneza barabara ya Kasindi, Beni na Butembo, tunatumaini kupita vizuri zaidi. Lakini barabara nzuri si barabara salama. Kama habari ni mbaya, msafiri kwa hadithi na kwa picha iliyochorwa ubaoni. Ziwa halikimbii.

Kanuni za safari

Wamama wanaolima na wanaouza sokoni wanajua kusafiri kuliko wakubwa wengi. Tunarudia tu yale wanayoyafanya.

Kwanza, ulizeni siku moja kabla, na asubuhi ile ile: madereva waliotoka upande ule, wamama waliorudi kutoka shamba, mkubwa wa kijiji mnachokwenda. Watu wawili wakisema "msiende", msiende, hata kama franga ya gari imekwisha kulipwa.

Pili, muondoke jua likiwa limechomoza na saa tisa ya alasiri muwe njiani kurudi. Saa kumi na moja kila mtoto awe ameonekana kwao.

Tatu, msipakie watoto watatu juu ya moto moja. Vikundi vikodi gari dogo. Kila mtu mzima apewe watoto watano, awajue kwa majina, na kila mtoto awe na namba ya simu ya mama yake kwenye kikaratasi mfukoni.

Nne, mbebe maji yaliyochemshwa, ndizi, viazi, maharagwe, nguo ya mvua. Sabuni pia: Ebola ilitufundisha kunawa, tusisahau.

Tano, mtoto asiokote chuma asichokijua. Aite mtu mkubwa.

Sita, kuna watoto ambao barabara fulani inawarudishia siku mbaya. Msimlazimishe. Akitaka kushuka, ashuke na mama mmoja. Akitaka kulia, alie.

Na franga itoke wapi?

Baba mmoja atasema: "Tunatafuta bugali, ninyi mnatafuta vilima?" Swali lake ni la haki, na tusimjibu kwa hasira. Tumjibu kwa hesabu. Kutembea kwa miguu mpaka kilima kilicho karibu ni bure. Kwa gari, kikundi chenye likelemba kinaweza kutenga kidogo kila juma tangu sasa, ili mzigo usimwangukie mtu mmoja siku ya mwisho. Chakula kila nyumba ibebe kile ambacho kingeliwa nyumbani. Na nyumba moja ikishindwa kabisa, mtoto wake aende bure.

Tuwafikirie pia watoto wa wakimbizi wanaokaa kwetu. Wao walikuwa na vilima vyao, na wanavikumbuka. Mwacheni mmoja wao aeleze mbele ya wengine kijiji chake kilikuwa na nini kabla ya vita: mto gani, mti gani, tunda gani. Darasani tumeona kwamba mtoto akianza kueleza hayo, sauti yake inabadilika. Hataji tena maiti. Anataja miembe, kisima, mbuzi waliokula mahindi ya jirani, na wenzake wanacheka pamoja naye.

Kwa hiyo, wamama, juma hili chagueni mahali pamoja tu. Kwa Butembo kiwe kilima kimoja. Kwa Beni liwe shamba moja la kakao. Mkirudi, watoto wachore walichoona, mtuletee michoro katika mkutano wa kikundi. Sisi tutaibandika ukutani, chini yake tuandike jina la kijiji, ili jina hilo lisimaanishe tena jambo moja tu.

Na ninyi wa Beni: asubuhi moja baada ya mvua mawingu yakifunguka na mlima ukijionyesha, msiseme watoto wapumzike kwa sababu ni vakanse. Waamsheni.