Gari la Kwanza la Binti: Je, Fiat Kuukuu Lafaa?

Mama mmoja, msomaji wetu wa miaka mingi, ametuandikia kutoka mji mdogo wa kaskazini mwa Italia anakoishi na mumewe na watoto watatu. Binti yao mkubwa ana miaka 19. Amepata leseni, na amepata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kilomita 14 kutoka kwao, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Zamu yake ya jioni huisha saa nne usiku, na basi la mwisho huondoka saa tatu na nusu. Kwa sasa baba humfuata kila usiku, ilhali naye huamka saa kumi alfajiri kwenda kiwandani. Wana akiba ya euro 4,000, ambayo pia inangojewa na masomo ya wadogo zake na matibabu ya bibi aliye nyumbani. Jirani yao mzee anauza Fiat Panda ya mwaka 2008 kwa euro 2,300. Baba anasema gari kuukuu ni kununua matatizo, afadhali wakope na kununua jipya. Mama anauliza: tufanyeje?

Tumeona tujibu hapa ukurasani, kwa sababu wako kina mama wengi wenye watoto huko Ulaya, na swali lenyewe lina mafundisho hata kwa mama aliyeko Iringa au Machakos.

Jibu letu ni hili: ndiyo, gari dogo kuukuu la Kiitaliano linaweza kuwa gari jema la kwanza, tena pale Italia kuliko kwingine. Ila lisinunuliwe kwa sura wala kwa bei tu, na akiba yote isimalizike siku ya kununua.

Kwa nini linafaa

Nyumbani kwetu mtu anayenunua Toyota huwa na jambo moja moyoni: likiharibika, fundi yeyote wa mtaani atalijua, na vipuri vitapatikana. Huko Italia, Panda ina heshima hiyo hiyo. Fiat ni kampuni ya Torino, mji ule ule walikotoka Wamisionari wa Consolata waliofika Kenya mwaka 1902. Panda ya kwanza ilitoka mwaka 1980. Ya pili, ambayo ndiyo ya huyu jirani, ilitoka mwaka 2003 na kuchaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya la 2004. Tangu mwaka 2012 hadi 2024, Panda iliongoza mauzo ya magari mapya nchini humo. Kwa hiyo kila gereji inaifahamu, na vipuri vyake, hata vilivyotumika, si vya kutafutwa kwa tochi.

Injini yake ya petroli ya lita 1.2 ni ya ukoo uitwao FIRE, ulioanza mwaka 1985. Ni injini nyepesi, isiyo na mambo mengi, na fundi huifikia bila taabu. Ina nguvu ya kilowati 44 tu. Hilo si kasoro kwa mwanafunzi wa barabara. Sheria ya Italia humwekea dereva mpya mipaka ya nguvu za gari katika miaka 3 ya kwanza, na Panda hii imo ndani ya mipaka hiyo. Hata kodi ya mwaka hupimwa kwa kilowati, kwa hiyo gari dogo hutozwa kidogo. Tena ni fupi na vioo vyake ni vipana, hivyo binti ataona pembe zote anapoegesha.

Usalama haununuliwi kwa sura

Hapa tunaomba mama asikilize kwa makini, maana ndipo penye uzito. Magari haya hayalindi watu kwa kiasi kimoja. Katika majaribio ya kugongesha magari ya Euro NCAP, Panda ilipata nyota 3 mwaka 2004 kwa ulinzi wa watu wazima. Ndugu yake Grande Punto ilipata nyota 5 mwaka 2005, na Fiat 500 mpya ikapata nyota 5 mwaka 2007. Lakini nyota za wakati ule si nyota za leo. Punto ilipopimwa tena mwaka 2017 kwa vipimo vipya, haikupata hata nyota moja. Basi mama asidhani kwamba nyota 5 za zamani ni ngao ya chuma.

Kuna pia kifaa kiitwacho ESP, ambacho husaidia gari lisiserereke kwenye kona yenye maji au barafu. Ulaya ilikifanya cha lazima kwa magari yote mapya mwaka 2014. Magari madogo ya kabla ya hapo mara nyingi hayana. Binti atakayerudi usiku wakati wa baridi kali anakihitaji. Kwa hiyo, mkipata kwa bei inayokaribiana Grande Punto iliyotunzwa na yenye ESP, ipewe nafasi ya kwanza mbele ya Panda isiyo nacho. Lakini Panda iliyotunzwa vema ni bora kuliko Punto iliyochakaa, kwani breki na tairi nzima huokoa watu kabla ya kugongana.

Ama zile Fiat 500 za kale, zilizotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1975, wavulana na wasichana huzipenda sana kwa uzuri wake. Hizo ziachwe kwa picha za harusi. Si gari la kumtoa binti kazini saa nne usiku.

Kabla ya kutoa fedha

Ujirani mwema usizuie ukaguzi. Mwombeni mzee ruhusa ya kulipeleka gari kwa fundi mnayemchagua ninyi. Mtu mwenye nia njema hatakasirika. Haya ndiyo ya kuangaliwa:

Usukani. Panda hii husaidiwa na mota ya umeme, na mota hiyo ni ugonjwa wake unaojulikana. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, zungusheni usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Ukiwa mzito ghafla na taa ya onyo ikawaka, matengenezo yake yanaweza kula sehemu kubwa ya akiba.

Mkanda wa taimingi. Ulizeni risiti ya kuubadilisha. Kama risiti hakuna, hesabuni kwamba haujabadilishwa, na gharama yake ipunguzwe katika bei.

Gasketi ya hedi. Fungueni kifuniko cha oili injini ikiwa imepoa. Mkiona chini yake utando wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili. Fundi ahakikishe kabla hamjasema neno lolote la bei.

Sehemu ya chini. Bushi na springi za mbele huchakaa, nazo hugonga gari likipita kwenye matuta. Kutu nayo huanza chini, isikoonekana na mnunuzi anayetazama rangi tu.

Epukeni giaboksi ya Dualogic, ile inayobadilisha gia yenyewe kwa kutumia klachi ya kawaida. Likizeeka, matengenezo yake ni ghali. Epukeni pia dizeli kuukuu hata kama inakula mafuta kidogo, maana miji kama Milano imezifungia dizeli za zamani mlango. Na kama gari linatumia gesi ya GPL, tazameni tarehe ya mtungi: huko Italia hubadilishwa kila baada ya miaka 10.

Mwisho, mkatazame kumbukumbu za gari katika daftari la umma liitwalo PRA, msije mkanunua gari lenye deni la mtu au amri ya kulizuia. Kilomita zilizoandikwa katika ukaguzi wa serikali zilinganishwe na zile zinazosomeka kwenye dashibodi.

Hesabu ya nyumba

Baba wa watoto hakukosea kuogopa gari kuukuu. Lakini mkopo wa miaka kadhaa kwa kazi ya mkataba wa mwaka mmoja nao ni wa kuogopwa. Kazi ikikoma, mkopo haukomi, na watakaoumia ni wadogo zake na bibi.

Sisi tungepanga hivi. Katika zile euro 4,000, bei ya gari isizidi 2,300, tena ipunguzwe kwa kila kasoro ambayo fundi ataiona. Kuhamisha umiliki kuna gharama yake, ingawa kodi yake ni ya kiwango cha chini kwa gari lisilozidi kilowati 53. Euro 800 ziwekwe kando kwa tairi, breki na mkanda wa taimingi, na zisiguswe kwa jambo jingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari kuukuu ni nyumba yenye nyufa nyingi ndogo.

Bima ndiyo huwashtua wengi. Dereva mpya huanza daraja la 14, ambalo ni ghali. Lakini sheria iitwayo Bersani, ya mwaka 2007, inamruhusu mwanafamilia anayeishi katika nyumba moja kurithi daraja zuri la baba au mama anaponunua gari. Baba ambaye ameendesha miaka mingi bila ajali anaweza kumpunguzia binti mzigo mkubwa. Ulizeni bei kwa kampuni tatu au nne kabla ya kununua gari, si baada.

Tuwaonye pia wale wanaowaza kwamba baadaye gari hilo litasafirishwa kwa mjomba. Usukani wake uko kushoto, na Kenya hairuhusu kuingiza magari ya namna hiyo wala yenye umri unaozidi miaka 8. Likimaliza kazi yake, liuzwe huko huko.

Masharti ya binti

Gari likishaingia nyumbani, baba na mama wakae na binti na kupatana mambo machache. Mshahara wake ulipe petroli na sehemu ya bima, ili ajue kwamba gari hula kila mwezi kama mtu. Ajifunze kupima oili, maji ya rejeta na upepo wa tairi kila wiki. Ajue kwamba sheria ya huko haimruhusu dereva wa miaka 3 ya kwanza kuonja pombe hata kidogo kabla ya kuendesha, wala kupita kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu za kasi. Na kwa miezi ya mwanzo asibebe marafiki usiku.

Neno moja tungependa mama amwambie kwa kinywa chake. Siku akitoka zamu macho yanafumba, au theluji imeanguka, apige simu nyumbani. Baba atakwenda kumchukua kama zamani, bila manung'uniko, na gari litalala kazini hadi asubuhi. Binti anayejua kwamba simu hiyo haitaleta ugomvi ataipiga.