Nani Yuko Nyuma ya Mlango?

Mtu aliyewahi kusikia kitasa cha mlango wa nyuma kikivunjwa saa nane za usiku, wanawe wakiwa wamelala chumba cha pili, hahitaji kuhubiriwa kwamba hofu ni mbaya. Wengi wanaoandika dhidi ya silaha majumbani huandika kana kwamba jambazi ni zimwi la hadithi. Kuanzia Mwanza hadi Mombasa wapo wazazi waliofungwa kamba mbele ya watoto wao, wakapigwa nondo, wakaporwa hadi godoro, na gari la polisi likafika kumekucha. Mzazi wa namna hiyo akiapa kwamba mara nyingine watamkuta na bastola chini ya mto, anastahili kujibiwa kwa hoja. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila mwenye nyumba anayefikiria kupeleka maombi ya kumiliki silaha.

Haki yake ya kujilinda sina ugomvi nayo, wala dini hazina. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamwondolea hatia ya damu mtu aliyempiga mwizi akafa alipokuwa akivunja nyumba, ila jua likiwa limekwisha kuchomoza hatia inamrudia. Tofauti hiyo inafaa kutafakariwa. Gizani humwoni mtu wala hujui amekuja na nini. Mchana unamwona, unaweza kumtambua na kuita watu. Tangu zamani, basi, jambo lililotazamwa lilikuwa mwenye nyumba aliona nini na alijua nini kabla ya kupiga. Kwa Waislamu, hadithi ya Mtume inamhesabu shahidi mtu anayeuawa akitetea mali yake, na bado mafakihi wakaweka utaratibu: mvamizi azuiwe kwa kilicho chepesi kwanza. Kelele zikitosha asipigwe, mkono ukitosha isichukuliwe fimbo, fimbo ikitosha usichomolewe upanga.

Sheria zetu zinakwenda njia hiyo hiyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata hadi 18C, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Lakini kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu itumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na aliyepita kiasi akaua ana kosa la kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu yao kinaielekeza mahakama kwenye misingi ya sheria iliyojengwa na mahakama za Uingereza. Huko Uingereza, mwaka 1999, mkulima mmoja wa Norfolk aliwapiga risasi wezi wawili walioingia nyumbani kwake usiku. Mmoja, kijana wa miaka 16, alipigwa mgongoni akafa. Mkulima alitiwa hatiani kwa mauaji. Rufaa yake ilipunguza kosa kuwa kuua bila kukusudia kwa sababu ya hali ya akili yake, na dai lake la kujilinda likakataliwa. Anayeshika kibali mkononi akadhani amepewa ruhusa ya kumaliza uhai wa kila atakayeruka ukuta wake, amejidanganya, na atalijua hilo akiwa kizimbani.

Swali langu kubwa, hata hivyo, halihusu mahakama. Nauliza kama bastola ile iliyonunuliwa kwa ajili ya mke na watoto inawalinda kweli mke na watoto.

Tutazame Afrika Kusini, nchi ambayo hofu ya wavamizi ina sababu za kutosha na bunduki za kujilinda zimezoeleka. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius, yule aliyekimbia katika Olimpiki ya London kwa miguu ya bandia, alisema alisikia kishindo upande wa dirisha la bafu. Alikuwa hajavaa miguu yake. Akachukua bastola ya milimita 9, akasogea gizani, akapiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliokuwa umefungwa. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Akafa. Nyumba hiyo ilikuwa ndani ya mtaa wenye ukuta, uzio wa umeme na walinzi.

Waendesha mashtaka walidai alijua anampiga nani. Yeye akashikilia kwamba alidhani ni mvamizi. Mwaka 2014 Jaji Thokozile Masipa alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Tarehe 3 Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini ikaigeuza hukumu hiyo kuwa mauaji, na sababu yake naomba kila mwenye silaha aisome mara mbili. Majaji hawakulazimika kuamua kama alijua ni Reeva. Walisema aliyepiga risasi nne kwenye chumba kidogo kisicho na pa kujificha alijua kwamba binadamu aliye ndani, awe nani, huenda akafa, na akapiga hata hivyo. Hakuwa ametishwa na mtu anayemwona. Hakuwa amehakikisha kwamba mpenzi wake bado yuko kitandani. Mwishowe kifungo chake kilipandishwa kuwa miaka 13 na miezi 5.

Na tuseme alikuwa mkweli kwa kila neno. Tuseme kweli alidhani ni mwizi. Hapo ndipo mambo yanapotisha zaidi, kwa kuwa yanakuwa yametendwa na mtu aliyekusudia kufanya kile hasa ambacho mzazi wetu anakusudia: kumlinda aliyelala pembeni yake.

Atakayesema huyo alikuwa mtu wa hamaki, asikilize la pili, kutoka nchi hiyo hiyo. Mwaka 2004 mchezaji wa zamani wa raga aliamshwa alfajiri na mngurumo wa gari likiondoka uani kwake. Akadhani linaibwa, akapiga risasi kutoka dirishani. Ndani ya gari alikuwa binti yake wa miaka 19. Waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki, wakiona kwamba hakuna adhabu ya kuongeza juu ya ile aliyokwisha kuipata. Baba huyu hakuwa mlevi wala katili. Alikuwa mwenye nyumba aliyeamka usingizini na kuamua ndani ya sekunde chache.

Mwili wa binadamu aliyeshtuka usingizini una desturi zake. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, macho yanaona alichokwisha kukitarajia moyoni, masikio yanapoteza sauti za pembeni. Askari hufunzwa muda mrefu kushindana na hali hiyo, na bado hukosea. Itakuwaje kwa mwalimu, mfanyabiashara au mstaafu aliyepiga risasi za majaribio siku moja tu? Na ndani ya nyumba zetu za Kiafrika wanalala watu wengi. Kuna mpwa aliyefika kwa basi la usiku, kuna kijana aliyechelewa kurudi na anaingia kwa kunyata asimwamshe baba, kuna bibi anayeamka kwenda msalani, kuna jirani anayekimbilia kwako kwa sababu yeye ndiye aliyevamiwa. Wote hao wana kivuli kama cha mwizi.

Hata mgeni aliyepotea njia ana kivuli hicho. Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, Marekani, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16 aliyekuwa akienda kwenye sherehe alikosea nyumba, akabisha hodi. Mwenye nyumba alitoka na bastola akamwamuru asimame. Kijana, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kichanga, aliendelea kusogea, akapigwa risasi ya kifua. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru mpigaji. Baadaye, katika kesi ya madai, hakimu aliamuru wazazi walipwe zaidi ya dola 650,000. Wazazi hao walikusanya Japani saini zaidi ya milioni moja kuiomba Marekani iondoe bunduki majumbani.

Wamarekani, kwa kuwa wanazo bunduki nyingi kuliko taifa lolote, wamelichunguza jambo hili zaidi yetu. Utafiti uliotolewa mwaka 1998 ulifuatilia risasi zilizopigwa katika makazi ya watu kwenye miji ya Memphis, Seattle na Galveston. Kwa kila mara moja ambayo bunduki ya nyumbani ilipiga kwa kujilinda kihalali, ilipiga mara 4 kwa bahati mbaya, mara 7 katika uhalifu wa kushambulia au kuua, na mara 11 mtu alijielekezea mwenyewe. Wapo waliopinga hesabu hiyo, wakisema mwizi aliyekimbia baada ya kuonyeshwa bastola bila risasi kupigwa hakuhesabiwa. Pingamizi lao ni la haki. Lakini hata ukiwaongeza hao, waliozikwa hawapungui.

Watafiti wengine walifuatilia watu wazima wa California kwa miaka karibu 12. Mwaka 2020 walitangaza kwamba mwanamume mwenye bastola alikuwa karibu mara 8 zaidi katika hatari ya kujiua kwa bunduki kuliko asiye nayo, na mwanamke mara 35. Miaka 2 baadaye wakaeleza habari za wale wasio na silaha lakini wanaishi na mwenye nayo: hatari yao ya kupigwa risasi na kuuawa na mwenza wao ilikuwa mara 7 hivi ya wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola, na wengi wa waliouawa hivyo ni wanawake.

Naomba tusiipite haraka hesabu hiyo ya mwisho. Mvamizi huja usiku mmoja katika miaka mingi, na nyumba nyingi hazimpati kamwe. Bastola inakaa ndani usiku wote mwingine. Ipo siku mume amerudi amelewa, siku barua ya kuachishwa kazi imefika, siku simu ya mke imekutwa na ujumbe usioeleweka. Ipo siku kijana wa kidato cha nne amefeli na anajiona hana maana duniani. Hasira hupoa na huzuni hupita, mradi mtu apewe usiku mmoja wa kulala na asubuhi moja ya kuzungumza na mwenzake. Kwenye droo yenye bastola, asubuhi hiyo yaweza isifike. Na mtoto wa miaka minne hajui kwamba kile alichokiona kwenye televisheni, safari hii ni cha kweli.

Nimesikia hoja kwamba majambazi wakijua una silaha watakuogopa. Wengine wataogopa. Wengine watakuja kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa bastola ni mali yenye soko kuliko televisheni yako. Afrika Kusini hupoteza maelfu ya bunduki za raia kila mwaka kwa kuibwa au kupotea, nazo huenda kuvamia nyumba za wengine. Na waliokuja wanne, wakijua mwenye nyumba ana bastola, hawaji kuomba, wanaingia wakipiga.

Je, tukae tusubiri kuchinjwa? Hapana, ndugu yangu. Gharama ya bastola, risasi na safari za ofisini ipeleke kwanza kwenye mlango. Weka mlango wa chuma wenye komeo la ndani katika korido inayotenganisha vyumba vya kulala na sebule, ili aliyevunja sebule bado asiwafikie watu. Weka taa nje, na mbwa anayelala uani. Weka filimbi au king'ora kando ya kitanda, na namba za majirani watano kwenye simu ya kila mtu wa nyumba. Kubalianeni na watoto chumba kimoja cha kukimbilia na kujifungia. Televisheni iende. Pikipiki iende.

Kisha wajue majirani zako. Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera silaha zilipozagaa na ng'ombe wakaibwa kwa mamia, wanakijiji walijibu kwa sungusungu, ulinzi wao wa pamoja. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake, na asiyetoka alitozwa faini. Wezi waliokuwa na bunduki walishindwa kutembea. Sisemi sungusungu walikuwa malaika. Waliwapiga watuhumiwa hadi kufa na kuwaandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na jambo hilo halina utetezi. Lakini somo la mwano linabaki: nyumba moja iliyoomba msaada ikaitikiwa na nyumba arobaini haihitaji bastola. Mitaa yetu ya sasa yenye kuta ndefu, ambako mtu hajui jina la aliye ng'ambo ya ukuta, imejinyima ulinzi huo yenyewe. Ulinzi shirikishi ulioachwa kwa vijana wawili wenye rungu wasiolipwa kwa miezi mitatu hauwezi kuurudisha. Mchango ule wa ulinzi wa kila mwezi ulipeni.

Wapo ambao tayari wana silaha kwa kibali, nao siwaambii wazitupe. Nawaambia: ikae ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani, risasi mahali pengine, ufunguo kwako peke yako. Ukiwa umekunywa, usiiguse. Ukiwa na ugomvi ndani, au mtu wa nyumba yako amezama kwenye huzuni, ipeleke kituo cha polisi ihifadhiwe. Usiku ukisikia kishindo, hesabu kwanza waliolala, mmoja mmoja, kwa kuwagusa. Jifungieni pamoja, piga kelele, uliza kwa sauti "Wewe nani?" na usubiri jibu. Usipige mlango, wala kivuli, wala mgongo wa anayekimbia.

Na kwa ofisi zote zinazopitisha maombi ya silaha, kuanzia serikali ya mtaa hadi wilayani, ombi langu ni hili. Kanada, mwombaji wa leseni ya bunduki hutakiwa fomu yake itiwe saini na mwenza anayeishi naye, na asipoitia, mwenza huyo hupewa taarifa. Nasi tuongeze hatua hiyo. Kabla ya muhuri kugongwa, afisa aende akalione kasha la chuma kwa macho yake, kisha mke wa mwombaji aitwe peke yake, mumewe akiwa nje, aulizwe kama ataweza kulala kwa amani nyumba moja na mtu huyu na bastola hiyo. Akisita, fomu irudi.