Kelele Zisizoalikwa
Ni jambo la kushukuriwa kuona vijana wetu wa Lamu na Mombasa wakirekodi tenzi za wazee majumbani. Lakini mara nyingi nyuma ya sauti ya mzee nasikia mkoromo wa simu, au kituo cha redio kikinong'ona. Wenye pupa hukimbilia kununua maikrofoni mpya. Mimi naona kwanza utafutwe mlango kelele ilikoingilia. Waya mrefu hunasa mawimbi kama eriali. Simu ya GSM huyatuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, ndipo ikakoroma. Izimeni simu, fupisheni waya, chomoeni vyombo kimoja kimoja mpaka kelele ikome. Maikrofoni hununulika, mzee akishatutoka, harudi kutusomea.