Dawa ya Nyumbani na Kipimo Chake

Huko Kabuchai, Bungoma, kuchemsha majani na magome si jambo la kuchekwa, kwani kwinini yenyewe ilitoka katika gome la mti. Lakini dawa ya sufuriani haina kipimo: leo kali, kesho dhaifu, na malaria haimngoji mtoto. Apelekwe zahanati, apimwe damu.

Iko dawa ya nyumbani yenye kipimo. Mtoto akiharisha, na pakiti ya zahanati haipo, twaeni maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vilivyosawazishwa. Anyweshwe kidogo kidogo. Kuhara hakutakoma mara moja, bali maji yaliyomtoka yatarudi. Mama ayaonje kwanza: yasiyapite machozi kwa chumvi.